Sikio Langu na Kontroboksi

Fundi aliyenipokea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hakuwa na kipimo zaidi ya sikio lake. Gari likiingia anamwambia dereva akanyage mafuta, yeye anainama juu ya injini, anatulia, kisha anatoa jibu: plagi ya tatu imekufa, tapeti zinagonga, kabureta inaingiza hewa. Mara nyingi alipatia. Nikaurithi ufundi huo wa sikio na kwa miaka mingi ndio ulionilisha. Distributa unaishika kwa mkono, unaizungusha taratibu mpaka silensa, ule mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, inakaa. Kebo ya mafuta unaiona ikivuta. Gari likikugomea Chalinze usiku, waya na kipande cha tyubu vilitosha kukufikisha Morogoro.

Halafu yakaanza kushuka bandarini magari ya EFI, yanayopuliziwa petroli kwa umeme bila kabureta, na baada yake yale ambayo hata kebo ya mafuta hayana. Haya ya pili ndiyo yaliyonitoa jasho. Ukikanyaga pedali huvuti kitu chochote. Sensa iliyofungwa pale kwenye pedali inapeleka volti kwa kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, nayo inazilinganisha na habari za sensa nyingine, kisha inaamua yenyewe koki ya hewa ifunguke kiasi gani. Maana yake dereva haongezi mafuta, anaomba. Na kontroboksi isipoziamini volti za pedali, inalibana gari litambae, hata ukanyage mpaka chini, hata kama uko katikati ya mlima Kitonga na lori la mzigo liko nyuma yako.

Pale mtaani wengi tuliyachukia magari hayo. Palikuwa na wateja waliotaka EFI ing'olewe wawekewe kabureta ya mtumba, nasi tukawafanyia, wakaondoka wakicheka.

Kisha zikaja mashine za kupimia. Marekani ilishalazimisha tangu mwaka 1996 magari madogo mapya yawe na soketi ya aina moja, OBD-II, Ulaya ikafuata na magari ya petroli mwaka 2001, na mengi ya Kijapani tunayoletewa yana soketi ya umbo hilohilo chini ya dashibodi. Ghafla kijana yeyote mwenye simu na kidubwasha cha kuchomeka akawa mpimaji. Mtaani ikazaliwa kauli isiyokatiwa rufaa: “Mashine imesema.”

Kilichonigeuza ni kigari cha mtumba cha mwalimu mmoja wa Mbagala. Kinakunywa mafuta, silensa inapanda na kushuka, taa ya cheki injini haizimi. Alikuwa ameshazunguka gereji kadhaa kabla ya kufika kwangu. Kwenye buti alibeba mfuko wa sensa za oksijeni, kila moja imeviringishwa kwenye gazeti.

“Fundi, hizi zote niliambiwa ni mbovu.”

“Nani alikuambia, mwalimu?”

“Mashine.”

Tulipochomeka ya kwetu ikasoma P0171, yaani hewa ni nyingi kuliko petroli. Hakuna mahali msimbo ule ulipotaja sensa mbovu. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye eksozi ilikuwa inasema kweli tupu, kwamba moshi una oksijeni iliyozidi, na kwa kusema kweli hiyo ikang'olewa, ikawekwa nyingine, nayo ikasema yaleyale ikang'olewa pia. Kijana wangu wa gereji, aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA, akafungua ukurasa wa namba zinazotembea. Gari likiwa silensa, kontroboksi ilikuwa inaongeza petroli zaidi ya asilimia 20. Tukalikanyaga mpaka mizunguko 2,500, ile nyongeza ikashuka ikakaribia kawaida.

Kwa anayejua injini, hilo tayari ni nusu ya jibu. Injini ikiwa silensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo la wizi linachangia sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi inamezwa humo. Tukachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta (limebaki na kazi, kumbe), tukawa tunapuliza kidogo kidogo kuuzunguka mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la filta. Tulipofika kwenye mikunjo ya chini, injini ikabadili mlio. Nilisikia kabla kijana hajainua macho kwenye skrini.

Tukaufungua mpira na kuukunja. Ndani ya mkunjo, upande usioonekana kutoka juu, palikuwa na ufa wa urefu wa kucha, tena baada ya sensa inayopima hewa. Hewa iliyopenya pale haikuhesabiwa popote. Kontroboksi haikuwa na njia ya kuijua mpaka ilipotokea kwenye moshi. Tukaweka mpira wa mtumba, taa ikazimwa na haikurudi, na mwalimu akabaki anautazama ule mfuko wake wa sensa.

Tangu hapo siichukii kontroboksi wala siisujudii. Ni shahidi aliyefungiwa chumbani: anajua alichopelekewa na waya tu, na waya za huku zina kutu, zina meno ya panya, na zimekatwa na kila aliyewahi kufunga alamu au redio. Gari lililolala kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani linaweza kuja na orodha ndefu ya sensa mbovu kumbe ni waya moja ya ethi iliyooza chini ya kapeti. Kwa hiyo kwangu multimita inatoka sandukuni kabla ya spana. Napima betri, napima ethi, nafuata waya, ndipo naongea na mteja habari ya kununua kitu.

Kero nyingine hazikuondoka. Magari haya yametengenezwa yaishi na watu ambao hawakupanda meli pamoja nayo. Barua ya kiwanda ya kuliita gari lirekebishwe inamwendea mmiliki aliyeandikishwa Japani. Ramani kwenye skrini inaongea Kijapani na inakutafuta Tokyo. Funguo ya pili mara nyingi haiji, na ukipoteza ile moja, kufungua mlango ni jambo la dakika chache lakini kuishawishi kontroboksi ikubali funguo mpya ni kazi ya mtaalamu na fedha ya maana. Dada mmoja alinipigia usiku kutoka Kariakoo, gari halimtambui. Nikamwambia akanyage breki, agusishe funguo yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, kisha abonyeze. Likawaka. Betri ndogo ya funguo ilikuwa imekwisha, na kitabu kinachoeleza hivyo kilikuwa mle mle garini, kwa Kijapani.

Halafu kuna yale yasiyopimwa kwa multimita. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliingilia Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu ikiwa barabarani na kuizima nguvu, mwandishi wa habari akiwa kwenye usukani. Kampuni iliyoitengeneza ikaita magari milioni 1.4 yarekebishwe programu. Mwaka huohuo ikagundulika kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11 programu iliyotambua gari linapopimwa moshi, likajisafisha kwa muda wa kipimo, kisha likarudia uchafu wake barabarani. Hili la pili linanisumbua zaidi. Waya iliyooza naweza kuifuata mpaka niipate. Shahidi aliyefundishwa uongo kiwandani nitamhoji kwa kifaa gani?

Sasa ugomvi wangu na wateja ni wa bei. Natoza kupima kando na kutengeneza, na wengi hawataki kusikia. “Fundi, umekaza waya mmoja tu, elfu hamsini ya nini?” Wengine wanataka taa tu izimwe kwa sababu gari linauzwa wikiendi. Hao nawarudishia funguo zao. Gereji ya jirani inawazimia kwa elfu kumi, na foleni yake ni ndefu kuliko yangu.