Ubao wa Shela

Niliuokota ufuoni Shela, kisiwani Lamu, asubuhi, maji ya bamvua yalipokupwa: kipande cha ubao chenye urefu wa mkono na unene wa vidole vinne, na mabaki ya misumari miwili iliyoliwa na kutu. Kilikuwa cha kijivu. Rangi hiyo haikunisaidia kitu. Jua na chumvi havibagui. Msaji, mvule na mwembe, ikilala ufuoni muda wa kutosha, yote huvaa kanzu moja.

Nyumbani nina mashine ndogo ya kukereza, na mbao za kuokota ndizo ugonjwa wangu. Kukereza bakuli ni kazi ya alasiri moja. Kujua unachokereza kunaweza kukuchukua mwezi.

Lakini ukiwa na swali la namna hiyo, bahati yako ikuangushe Lamu. Unesco iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wengi huja kutazama mawe. Mimi huangalia juu. Dari za nyumba za kale zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazirefuki kupita kiasi, vyumba vyenyewe vikawa vyembamba na virefu: mti ndio uliompimia mwashi. Barazani kuna milango ya nakshi, ndani kuna vitanda vya miguu ya kukerezwa, gatini kuna majahazi. Hata punda wakikubana ukutani katika kichochoro, ubavu wako utagusa mbao. Sijaona mji mwingine Afrika Mashariki unaokufunza mti bila ya kukutoza karo.

Nikapanda mashua kwenda Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, kijiji cha waundaji wa vyombo. Chini ya banda la makuti palikuwa na mashua iliyofika mbavuni, na mzee akisukuma pamba ya kalafati katikati ya mbao mbili. Nikamwamkia, nikampa ubao wangu. Hakuutazama. Aliunusa.

"Umeuomba?" akaniuliza.

"Niliuokota, Fundi. Hapakuwa na mtu."

"Ubao wa pwani una mwenyewe, mwanangu. Lakini huu umeshachoka kumngoja." Akacheka, akasogea. "Ndoo, kaa."

Nilikuwa nimeshajipa jibu: msaji. Ndilo jina analolitaka kila mwokotaji, kama vile kila mchimbaji anavyotaka dhahabu. Mzee akachukua tezo, akaondoa kijivu chote upande mmoja, kina cha ukucha tu. Ndani mkatoka wekundu wa kahawia. "Tia mai," akasema, nami nikamimina maji ya chupa yangu. Rangi ikakolea. Akaniambia ninuse mahali palipokatwa. Msaji ukiukata hunuka kama ngozi ya kiatu kipya, na mkononi huteleza kama uliopakwa mafuta. Huu wangu haukunuka hivyo, wala haukuteleza.

Nikatoa wembe na lenzi yangu, tukakata kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapokutazama usoni. Hapo ndipo mti hauwezi kusema uongo. Mnazi ungekuonyesha vidoa vyeusi vilivyotawanyika bila pete hata moja, maana mnazi haujui pete. Msaji ungepanga vitundu vikubwa kwa safu, mwaka baada ya mwaka. Kwenye ubao wangu vitundu vilikuwa vimetawanyika, na kila kimoja kimezungukwa na weupe uliochongoka pande mbili, kama jicho. Vingine vilikuwa na unga wa manjano ndani.

"Mbambakofi," mzee akasema, kabla sijamaliza kuhesabu macho. Yeye hakuhitaji lenzi; alishaujua kwa uzito, tangu ulipotua kiganjani mwake. Mbambakofi ni mti ule ule wa milango mingi ya pwani, wenye mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu ambazo watoto huzichezea.

Nikamwuliza kuhusu mvule, maana nao hudanganya watu. Akanionyesha patasi yenye pengo. Mvule huficha mawe ndani yake, chokaa iliyoganda kweli kweli, na makali hukutana nayo bila ya hodi. Vumbi lake nalo huwasha pua na kifua, kwa hiyo anayekereza mvule bila kitambaa usoni anajitakia.

Kilichobaki kilikuwa misumari. Kuizunguka, ubao ulikuwa mweusi kama wino: chuma na maji ya mti vikikutana kwa miaka hutia doa lisilotoka. Doa ni pambo. Kipande cha msumari kilichovunjikia ndani ni jambo jingine. Bobari ikigonga chuma mashine ikiwa katika mwendo, makali yanaruka, na pengine jicho lako likawa karibu. Mzee akapitisha sumaku kila upande, akang'oa mabaki kwa subira ambayo mimi sina. Wazee wake, alisema, walijua mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Ubao wa mtepe ungekuwa na safu za matundu na hauna kutu. Huo ukiuokota, usiutie kwenye mashine. Upeleke makumbusho.

Sikulipa kitu ila sukari na majani ya chai, na hata hivyo alivipokea kwa kunung'unika.

Ubao niliuacha ukauke kivulini miezi mitatu kabla ya kuukereza. Bakuli lipo mezani kwangu sasa, jekundu, lina madoa mawili meusi ukingoni. Ndani naweka funguo. Chombo cha bahari hupakwa rangi na dawa za kila aina chini yake, na mbambakofi wa aina hiyo haupewi wali.