Kidole Kimoja

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nadhani waliotunga methali hiyo hawakuwa wameiona bunduki, kwani penye bunduki kidole kimoja chatosha kuitoa roho ya mtu. Kati ya kidole na roho hiyo pana vyuma vidogo vichache tu: kifyatulio, springi, na mtambo unaogonga fataki. Vyuma hivyo vikiwa vibovu, bunduki haingoji tena nia ya mwenyewe.

Kwetu mkoani Singida, hasa pande za Manyoni na Itigi, gobore si hadithi. Ni bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, na aghalabu ni kazi ya mhunzi wa kijijini. Wako wanaodhani ni alama ya ushamba wetu. La hasha! Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, na kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa yakazuia bunduki za kisasa zisiuzwe ovyo katika Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Zilizoachiwa mlango ni zile za gumegume na baruti ya kawaida. Wenye nchi wakabaki na silaha iliyopitwa na wakati, na wahunzi wao wakajifunza kuitengeneza.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Kilichomlisha ni majembe na mashoka, lakini nguruwe na nyani walipozidi mashambani, watu walimjia kwa ajili ya gobore. Mtutu na kitako havikumsumbua sana. Siku zake ziliishia kwenye kifyatulio. Alichagua vyuma chakavu kama mama achaguavyo mbegu za mtama, na alivyovitupa vilikuwa vingi kuliko alivyovibakiza. "Chuma kilichochoka, mjomba," aliniambia, "hakisemi kwamba kimechoka." Kifyatulio kigumu mno, alisema, humponza mwindaji mbele ya mnyama, chepesi mno humponza mwenzake aliye mbele yake njiani.

Hilo la pili lilitokea. Jirani yetu mmoja alikuwa na gobore lililotengenezwa kwingine. Jioni moja akitoka shamba alijikwaa, bunduki ikalia bila kuguswa, na mdogo wake aliyetangulia akaanguka. Hapakuwa na ugomvi wala pombe. Baada ya matanga lile gobore lililetwa kwa mjomba alitengeneze. Akalitazama, akalirudisha, na tangu siku hiyo hakutengeneza bunduki nyingine. Alisema: "Mimi naweza kuchagua chuma. Siwezi kuchagua mtu atakayekishika, wala mwaka kitakapochoka."

Alipofariki aliacha gobore lake moja, na ukoo ukagawanyika. Wengine walitaka litunzwe kama ukumbusho wa mzee. Wengine waliuliza nani atalinda mahindi. Nami niliona swali hilo la pili ni zito, kwa kuwa nguruwe hasomi sheria, na askari wa wanyamapori hawafiki kila shamba. Hata hivyo Sheria ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, wala kuitengeneza bila kibali, na magobore ya aina hiyo yamekwisha kuua tembo na watu pia. Serikali ilipotoa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, Septemba na Oktoba mwaka 2022, tulilipeleka.

Ndugu msomaji, sikuandika haya kuwadharau wahunzi. Mjomba alikuwa fundi kuliko wote niliowajua, na ni yeye aliyeukiri mpaka wa ufundi. Huenda nyumbani kwako pia pana gobore darini, lililoachwa na mzee mwenye mkono mwema. Wema wa mkono ule haukuzuia kutu. Springi inaendelea kuchoka kimya kimya, na watoto wanaendelea kurefuka hadi kuifikia dari.