Heshima ya Unga wa Dona

Chakula ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo lugha, ngoma na mavazi. Kwa hiyo, anayetaka kubadili chakula cha watu hana budi kujua kwamba anagusa heshima yao pamoja na matumbo yao. Hayo niliyafahamu nyumbani kwangu.

Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Nami nilipotimiza miaka 52, daktari alinipima damu, akaniambia kuwa sukari imeanza kupanda, ila njia ya kuizuia ingali wazi. Akanishauri nipunguze vyakula vilivyokobolewa.

Mahindi yakobolewapo, ganda na kiini huondolewa, ikabaki sehemu nyeupe ambayo karibu yote ni wanga. Pumba inayotoka ndiyo yenye nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Nayo hupewa kuku na ng'ombe. Dona husagwa punje nzima. Kwa kuwa mafuta ya kiini huuharibu unga upesi, yafaa kusaga kidogo kidogo.

Mke wangu alikubali, lakini kwa mwendo wa pole. Mwezi wa kwanza tulichanganya kibaba kimoja cha dona na vibaba vitatu vya sembe. Mwezi wa pili, nusu kwa nusu. Ulipoingia mwezi wa nne, sembe ilikwisha kutoweka. Kisha uji wa ulezi ukachukua nafasi ya mkate mweupe, na ugali wa mtama kwa mlenda ukaliwa mara mbili kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Ulimi ulizoea, kilichokuwa kigumu ni macho ya watu. Dada yangu alipotutembelea, aliutazama ugali ule usio mweupe, akamwuliza mke wangu kwa sauti ya chini, "Wifi, kaka amepunguzwa kazini?" Kwake yeye, dona ni chakula cha bweni na gereza, mgeni hupikiwa sembe. Mke wangu aliona haya, akataka sembe irudi kwa ajili ya wageni. Nikamwuliza: ikiwa twampenda mgeni, mbona tumpe kilicho pungufu? Dada alipikiwa dona siku zote tatu, kwa samaki na mchicha. Hakuisifu, lakini aliomba aongezewe.

Tena weupe huo si urithi wa kale. Mahindi yenyewe asili yake ni Amerika, nayo yalifika Afrika baada ya mwaka 1492. Wazee wetu wa Dodoma na Singida waliishi kwa mtama na uwele, nafaka za Afrika zinazostahimili ukame kuliko mahindi. Na kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 iliwafundisha wazazi wetu kwamba lishe ni shughuli ya taifa zima.

Baada ya miezi sita sukari yangu ilikuwa imeshuka. Hata hivyo, daktari alinikumbusha kwamba dona nayo ni wanga, hivyo kiasi ni lazima; mboga sasa hujaza nusu ya sahani yangu.

Basi, enyi wanafunzi mnaokula dona bwenini, msiihesabu kuwa adhabu ya shule, ya kuachwa siku mtakapopokea mshahara wa kwanza. Nanyi walimu, mwapo na wageni nyumbani, wapikieni dona bila kuomba radhi.