Kwa mpwa wangu, fundi wa mashine, Kalemie

Moba, Jumatatu ya Pasaka

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako alinipigia simu. Ameniambia kwamba tangu kaka yako azame na boti kwenye njia ya Moba umefunga kibanda chako pale Kataki, na siku hizi ukitoka mkesha huu wa maombi unaingia ule. Ameniambia na jibu ulilompa: kama tutafufuka, haya ya dunia yana faida gani? Kwetu Watabwa mjomba hawezi kulinyamazia neno kama hilo. Nivumilie.

Kulia kwako sikukatazi. Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, naye alijua kwamba muda si muda atamwita atoke.

Ila swali lako lina jibu. Fungua barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 15. Karibu sura yote yenye aya 58 Paulo anabishana na wanaosema wafu hawafufuki. Anapofika kwenye parapanda na mauti kumezwa, msomaji anangoja aambiwe basi, tuache vyote tukae tumtazamie Bwana. Hasemi hivyo. Aya ya mwisho inawarudisha kazini: kwa kuwa mauti yameshindwa, taabu yao haipotei. Na sura ya 16 inaanza na mchango wa fedha kwa waamini wa Yerusalemu, kila mtu atenge chochote siku ya kwanza ya juma. Kutoka kwenye parapanda hadi kwenye makuta, hata pumzi hajavuta! Wahubiri wengi wa mikesha hukomea kwenye parapanda (wakishapitisha kikapu cha sadaka, lakini hayo tuyaache).

Mtazame Padri Stefano Kaoze, mtu wa kwetu Marungu. Wamisionari walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, na huko ndiko alikosoma. Tarehe 21 Julai 1917 Askofu Roelens alimpadrisha huku kwetu, wakati huo pakiitwa Baudouinville, mzalendo wa kwanza kupata upadri katika Kongo ya Wabelgiji. Lakini hakungoja upadri ndipo aanze kazi. Tangu mwaka 1910 hivi, akiwa bado mseminari, aliandika kwa Kifaransa juu ya fikra za Wabantu, zama ambazo wakubwa wengi walidhani Mwafrika hana fikra za kuandikwa. Imani yake haikuiacha kalamu ikauke.

Wewe hukupewa kalamu. Ulipewa sikio. Nimekuona umeinamia mashine ya boti, unasikiliza mara moja tu, unasema buji nzima, shida ni kabureta. Unaifungua, unapuliza kitundu kwa mdomo, unakiinua juani ukichungulie. Hilo hukufundishwa na mtu.

Yule mtumwa katika mfano wa Yesu, aliyeificha talanta yake moja, alitoa sababu yake waziwazi: niliogopa. Nadhani na wewe ni hivyo, na mikesha imekuwa maficho. Unawaza kwamba kila mashine unayoitengeneza inampeleka mtoto wa mtu majini. Lakini watu hawajaacha kusafiri kwa sababu umefunga kibanda. Wanaondoka kila siku, na mashine zao sasa zinatengenezwa na vijana wanaofunga bomba la mafuta kwa mpira wa baiskeli. Mashine ya namna hiyo ikizima katikati ya ziwa, upepo wa kusini umeshaamka, abiria watamlilia nani?

Nenda kwenye mkesha wa Ijumaa, mwombee kaka yako, uimbe. Siku nyingine ulale, maana fundi mwenye usingizi ni hatari. Mchukue yule mtoto wa marehemu kaka yako akae nawe kibandani baada ya shule, ajifunze majina ya funguo kwanza. Na ukiona boti imejazwa kupita kiasi, mwambie mwenyewe usoni kwamba mashine yake huiwashi mpaka apunguze mizigo. Atakutukana. Atarudi, maana wanaojua kazi hiyo kama wewe hapo Kalemie ni wachache.

Aliyekuletea barua hii ni mwenye boti wa hapa kwetu. Mashine yake huzima kila ikipata moto. Amekuja kwa lori, kabureta iko ndani ya mfuko wake, na nimemwambia asirudi nayo kabla hujaifungua.

Mimi mjomba wako