NORWOOD: MJI WA MAGARI YA KASI NA BREKI 206

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Iringa kuja Dar es Salaam, hapana shaka unaukumbuka ukimya unaowaingia abiria wakati gari linapoanza kuteremka Kitonga. Mazungumzo hukatika. Mama humvuta mtoto karibu. Dereva huingiza gia ndogo, na wale waliozoea safari za malori hukumbuka jinsi utingo alivyokuwa akikaa tayari na gogo la kuzuia gurudumu. Wakati huo hakuna abiria anayeuliza injini ina nguvu kiasi gani. Kila mmoja anaomba kimoyomoyo kitu kimoja tu: breki.

Nakuomba uishike kumbukumbu hiyo, kwani leo tunasafiri mbali, hadi katika mji mdogo wa Norwood, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Humo yaliundwa magari yaliyosifika dunia nzima kwa kukimbia. Lakini tunayoyafuata huko si magari yote. Tunafuata magari 206 tu, yaliyosifika kwa kusimama.

MJI NDANI YA MJI

Ukitoka katikati ya jiji la Cincinnati kuelekea kaskazini-mashariki kwa barabara ya Montgomery, utaingia Norwood bila kujua kama umevuka mpaka. Mji huo umezungukwa na Cincinnati pande zote, mithili ya kisiwa katikati ya ziwa. Una meya wake na halmashauri yake, lakini hauna pa kupanukia.

Hapo ndipo kampuni ya General Motors ilipofungua kiwanda cha kuunganisha magari mwaka 1923. Kiwanda kilibanwa na nyumba za watu, reli na barabara, na kwa kuwa hakikuweza kutanuka, kilipanda juu kwa ghorofa. Wako wafanyakazi waliokwenda kazini kwa miguu, na king'ora cha zamu kilisikika jikoni mwao. Mwaka 1970 Norwood ilikuwa na wakazi zaidi ya 30,000. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walibaki kiasi cha 19,000.

Ukikitafuta kiwanda chenyewe leo hutakiona. Kilifungwa mwezi Agosti 1987, majengo yakabomolewa, na mahali pake pakajengwa maofisi na viwanja vya kuegeshea magari. Mgeni anaweza kupita hapo akadhani hapajawahi kuwa na jambo. Kumbe jambo lilikuwapo, na ushahidi wake umetawanyika katika barabara na mabanda ya watu nchi nzima.

KASI KWANZA, KUSIMAMA BAADAYE

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilishindana kutoa magari ya milango miwili, mepesi kiasi, yenye injini kubwa kupita kiasi, kwa bei ambayo hata kijana mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuifikiria. Chevrolet walitoa Camaro. Ya mwaka 1969 ndiyo inayopendwa kuliko zote hadi leo. Ziliundwa 243,085. Sehemu kubwa zilitoka Norwood, na nyingine zilitoka katika kiwanda cha Van Nuys, jimbo la California.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Gari hilo la kasi, likinunuliwa kwa bei ya kawaida, lilikuja na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Katika breki ya dramu, viatu vya breki hutanuka ndani ya chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu, vikakisugua. Kwa mwendo wa kwenda sokoni breki hiyo yatosha. Lakini ukifunga breki tena na tena katika mwendo mkali, joto hujifungia ndani ya chungu, chuma hutanuka na kuvikimbia viatu, na dereva huona pedali inazama huku gari likiendelea kwenda. Mafundi wetu wa magari makubwa wanaifahamu hali hiyo vizuri sana.

Breki ya disiki ni tofauti. Sahani ya chuma huzunguka katika hewa wazi, na kalipa huibana kwa pande zote mbili kama mkono unaobana sahani ya chakula. Joto hupata njia ya kutoka. Mnunuzi wa Camaro aliweza kulipa zaidi akapata disiki katika magurudumu ya mbele. Na katika mwaka huo wa 1969 tu, kulikuwa na chaguo jingine ambalo wauzaji wengi hawakulitaja kabisa. Katika orodha ya kiwanda liliandikwa kwa herufi mbili na tarakimu moja: JL8. Lilikuwa ni disiki katika magurudumu yote manne, zenye kalipa za bastola nne kila moja, za ukoo mmoja na zile zilizokuwa zikifungwa katika Corvette tangu mwaka 1965.

Bei yake ilikuwa dola 500 na senti 30, wakati gari zima lenye injini ya silinda nane lilianzia kiasi cha dola 2,700. Yaani karibu moja ya tano ya bei ya gari iwekwe katika kitu ambacho hakionekani, hakingurumi, wala hakimvutii jirani dirishani.

Kwa fedha zisizotofautiana sana na hizo, mnunuzi aliweza kupata kifurushi cha Z28, chenye injini ya mashindano na mistari miwili mipana ya rangi juu ya boneti. Waliochagua Z28 mwaka huo walikuwa 20,302. Waliochagua JL8 walikuwa 206. Ukigawa, utapata gari moja katika kila magari 1,180.

Waliozielewa zaidi breki hizo walikuwa watu wa mashindano. Camaro ilitwaa ubingwa wa Trans-Am mwaka 1968 na tena mwaka 1969, dereva wake mashuhuri akiwa Mark Donohue wa timu ya Roger Penske. Katika uwanja wenye kona nyingi, dereva anayeweza kuchelewa kufunga breki ndiye anayetangulia kufika. Watu wale walijua kwamba breki nzuri ni sehemu ya mwendo.

TAREHE ZILIZOPIGWA KATIKA CHUMA

Pengine utauliza: ikiwa kiwanda kimebomolewa, mtu atajuaje leo kwamba gari lililo mbele yake ni moja kati ya yale 206? Hapa ndipo safari yetu inapokuwa ya kusoma.

Fungua boneti ya Camaro ya mwaka 1969. Katika ukuta unaotenga injini na abiria utaona kibao kidogo cha bati kilichopigwa ribiti. Humo mna aina ya bodi, rangi, vitambaa vya viti, na alama ya tarehe, kwa mfano 04D. Tarakimu ni mwezi, herufi ni wiki: wiki ya nne ya mwezi Aprili. Kisha tazama juu ya dashibodi, upande wa dereva, kupitia kioo cha mbele. Namba ya gari ina herufi ya kiwanda: N kwa Norwood, L kwa Van Nuys.

Vyuma vyenyewe navyo vina tarehe. Vilipokuwa bado ni uji wa moto katika kalibu, viliwekewa herufi ya mwezi kuanzia A kwa Januari, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. D 9 9 ni tarehe 9 Aprili 1969. Injini ilipokamilika ilipigwa muhuri mwingine. V0412DZ maana yake ni kwamba injini ilikamilishwa katika kiwanda cha Flint, jimbo la Michigan, tarehe 12 Aprili, na kwamba ni injini ya Z28. Ekseli ya nyuma nayo ilipigwa alama na tarehe yake katika bomba.

Utaratibu wake ni rahisi. Chuma huyeyushwa kwanza, injini huunganishwa baadaye, na gari hufuata. Tarehe 9, kisha tarehe 12, kisha wiki ya nne: hapo hadithi inakwenda sawa. Ukikuta injini iliyozaliwa mwezi Juni ndani ya gari la mwezi Aprili, ujue mtoto huyo si wa nyumba hiyo.

Hata hivyo mtego upo. Magari ya mwaka 1969 yalianza kuundwa kabla ya mwaka huo, katika miezi ya mwisho ya 1968. Kwa kawaida yangekoma katikati ya 1969, lakini Camaro mpya ilichelewa, ikaingia madukani mwezi Februari 1970, na ile ya zamani ikaendelea kuundwa hadi Novemba 1969. Kwa hiyo kibao kinachosomeka 10B chaweza kuwa cha Oktoba 1968 au cha Oktoba 1969, kwani wiki imeandikwa bila mwaka. Mwenye kuamua ni namba ya gari. Norwood walianza mwaka huo kuhesabu kutoka 500001, hivyo namba ndogo ni ya mwanzo na namba kubwa ni ya mwisho.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Kibao hicho cha bati, pamoja na yote kinayoyataja, hakitaji breki. Mtu mwenye tamaa anaweza kutafuta kalipa za Corvette, akazifunga, kisha akatangaza kwamba analo gari adimu. Vibao vya kuiga navyo hutengenezwa. Kuichezea namba ya gari ni kosa la jinai nchini humo, lakini sheria hailali chini ya kila gari linalouzwa.

Kwa sababu hiyo, katika minada na maonyesho ya magari ya kale utamkuta mtu mzima, nguo zake safi, amelala chali sakafuni na tochi mkononi. Hatazami rangi. Anatazama ekseli, kwani ekseli ya JL8 ilikuwa na namna yake ya kushika disiki, na tarehe iliyopigwa juu yake haina budi kupatana na tarehe ya gari. Wengine huomba kuona kipande kidogo cha bati alichopewa mnunuzi wa kwanza pamoja na kitabu cha dhamana, chenye namba za gari na za injini. Fedha anayotaka kuitoa mtu huyo pengine ni akiba ya miaka mingi, na kati yake na hasara pamesimama tarakimu nne zilizofunikwa na kutu.

Wala breki hizo hazikuwa kamilifu. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na silinda za chuma ndani ya kalipa hizo hushika kutu na kuvuja, hasa gari likikaa bila kutembezwa. Mwenye kulifungia gari banda kama dhahabu huenda akalikuta siku moja halina breki kabisa.

MIKONO ISIYOTAJWA

Ndugu msomaji, tusiondoke Norwood bila kuwakumbuka wenyeji. Mwaka 1972 wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma siku 174, wakilalamikia kupunguzwa kwa watu na kuongezwa kwa kazi katika mstari wa kuunganisha. Magari kiasi cha 1,100 yalikwama hapo yakiwa nusu nusu, na yakaishia kuvunjwa kuwa vyuma chakavu, kwa kuwa hayakutimiza masharti mapya ya usalama ya mwaka 1973. Miaka 15 baadaye kiwanda kikafungwa, na maelfu wakapoteza kazi.

Hakuna mfanyakazi aliyeandika jina lake katika gari. Aliyepiga muhuri wa 0412 asubuhi ile hakufikiri kwamba baada ya zaidi ya miaka 50 mgeni atalala sakafuni kuutafuta. Alifanya kazi yake sawasawa, akageukia chuma kilichofuata. Leo mhuri huo ndio shahidi anayeaminika kuliko maneno ya muuzaji na kuliko karatasi yenye rangi nzuri.

Utakaposhuka tena Kitonga, na gari likatii mguu wa dereva, mkumbuke yule aliyezifunga breki hizo. Humjui jina, naye hakujui. Lakini siku ile alipokuwa kazini, kazi yake ilikuhusu wewe.