Bidoni kumi za maji: chumvi ya Japani ilipofika Butembo

Wiki hii ninawaletea habari ya safari fupi, kilomita 54 tu, kutoka Beni hadi Butembo, na ya pakiti moja ndogo ya rangi ya waridi iliyokaribia kunigombanisha na mama mkwe wa mdogo wangu.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike, wa tatu, nami nikaenda kumsaidia siku kumi. Sisi wa Beni tunasema "kupanda Butembo", na ni kupanda kweli. Unaacha joto na kakao iliyoanikwa kando ya barabara, unapita Kabasha, unapita Maboya, na kabla hujafika umekwisha kutafuta kitenge cha pili cha kujifunika mabega. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, vilima juu ya vilima, mikaratusi kila upande. Jioni yake ni ya baridi ambayo mtu wa Beni haizoei. Kuhusu usalama wa barabara sitasema mengi, kila mmoja wetu anajua anavyosali akipanda gari.

Katika mfuko wangu kulikuwa na vitu viwili vya Japani: chupa ndogo ya mafuta ya nywele na pakiti ya chumvi ya kuogea. Shemeji yangu ni mfanyabiashara. Alivinunua Dubai, akarudi kwa njia ya Kasindi, akaniachia Beni nimpelekee mke wake kama zawadi ya uzazi. Kwetu neno "Japani" linafungua mlango bila kubisha. Nani hajaona Toyota kuukuu inapanda Kabasha na magunia hadi juu, na watu wamekaa juu ya magunia? Basi kitu kikitoka huko, tunakipa heshima kabla ya kukijaribu.

Nilimkuta mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Koko, amekwisha kuweka sufuria kwenye makala. Majani ya mikaratusi yanachemka, vitambaa viko tayari. Mnajua desturi yetu: mama mzazi anakandwa asubuhi na jioni, na kisha anakaa katika beseni la maji ya moto yenye chumvi. Koko hakushangaa hata kidogo kusikia chumvi ya kuogea. Alinikumbusha chumvi ya Katwe, ile ya ziwani ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambayo babu zetu waliivusha na kuipandisha milimani kabla wazungu hawajafika. Kwake chumvi ni chakula, ni dawa na ni mali. Alinusa pakiti, akasema, "Angalau hii hainuki klorini." Sote tulicheka, lakini si kicheko cha furaha sana. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati wa Ebola, tulinawa maji ya klorini kwenye kila mlango mpaka ngozi ya mikono ikakauka. Tangu hapo, poda yoyote inayoyeyushwa katika maji inamkumbusha Koko mambo ambayo hapendi kuyasema.

Akachana pakiti, akataka kuimimina yote katika beseni la mdogo wangu.

Hapo nilishika mkono wake. Kushika mkono wa mama mkwe, katika nyumba yake, mbele ya mkwe wake, si jambo dogo. Lakini mdogo wangu alichanika wakati wa kuzaa, akashonwa, na siku yake ilikuwa ya nne tu. Nikamwomba Koko anipe muda kidogo. Kijana wa jirani alikuwa na simu yenye programu inayosoma maandishi ya kigeni kwa kamera, naye akatusomea mgongo wa pakiti.

Tukasikia hivi. Pakiti moja, gramu 25, ni ya maji lita 200. Isinywewe. Asiitumie mtu mwenye kidonda au upele. Ndani kuna magadi ya aina ile wanayotia katika maandazi, kuna chumvi ya salfeti, kisha manukato na rangi. Basi.

Lita 200! Wamama wa Butembo wamekwisha kupiga hesabu. Ni bidoni kumi. Kwa mama anayechota kwenye chemchemi bondeni, ni safari kumi za mgongo mmoja, kamba kwenye paji la uso, na kupanda kilima kila mara. Makala ya kuchemsha maji hayo sijayahesabu. Koko aliuliza kama hao Wajapani wana wazimu.

Hawana, nikamweleza. Nchi yao ni ya volkano, kama sisi tulivyo na Nyiragongo, na maji ya moto yanatoka ardhini mahali pengi. Watu wanapenda kujilaza humo, na poda hii inaiga chemchemi hizo nyumbani. Si jambo la jana: Bathclin, mojawapo ya majina yao ya zamani, inauzwa tangu 1930. Lakini hawaingii na uchafu. Mtu anajisugua kwa sabuni nje ya birika, anajimwagia maji mpaka povu liishe, ndipo anaingia kupumzika tu, katika joto la nyuzi 40 hivi. Maji yaleyale anaingia baba, mama na watoto, mmoja baada ya mwingine, na nyumba nyingi hufulia nguo kesho yake. Hapo Koko alitikisa kichwa kwa kukubali. Watu wasiomwaga maji anawaelewa.

Kuhusu mdogo wangu tulifuata neno la muuguzi aliyemzalisha: maji safi yaliyochemshwa, yakapoa mpaka vuguvugu, bila kitu kingine, na kujikausha taratibu. Maji ya kuunguza hayaponyeshi mshono, na wengi wetu tumemwona mama mzazi aliyebabuka kwa sababu ya mapenzi ya wakubwa. Koko hakufurahi siku ile. Alisema sisi wa simu tunajua sana. Nilinyamaza, nikaosha vyombo.

Jioni nikachukua beseni la lita 20, nikatia sehemu moja ya kumi ya poda, yaani karibu nusu ya kijiko cha chai, nikamwomba Koko aweke miguu yake. Ni miguu ya shamba, visigino vimekauka kama gome, ingawa havijapasuka kufikia damu. Maji yakawa ya waridi. Alikaa humo mpaka yakapoa. "Kwa hiyo ni manukato," akasema. Ndiyo, Koko, ni manukato na maji ya moto. "Basi mngesema hivyo tangu mwanzo." Visigino nilivipaka mafuta baadaye, na ninaamini maji ya moto na mafuta vilifanya kazi kubwa kuliko poda.

Mafuta ya nywele ni ya mbegu za ua linaloitwa tsubaki, ambalo wanawake wa Japani wamelitumia kwa karne nyingi. Ni mepesi, hayana harufu kali. Nywele zao zimenyooka na zetu zimejikunja, kwa hiyo sikutegemea mengi. Nilipaka matone machache kwenye ncha nikiwa nimezilowesha kwanza, kisha nikasuka. Zilibaki laini siku tatu. Mafuta ya kokwa za mawese tunayokaanga wenyewe yananipa hizo siku tatu pia, ila yananuka jikoni. Mdogo wangu aliuliza kama yatamzuia kunyonyoka nywele, maana kwa mtoto wa pili zilitoka kwa mafungu. Hapana. Nywele hizo hutoka miezi miwili hadi minne baada ya kuzaa, mwili unapobadilika, nazo hurudi zenyewe, kwa wengi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Chupa haina uwezo huo. Kinachoumiza zaidi ni kukimbilia dawa ya kunyoosha na misuko ya kukaza wakati zinapotoka.

Poda iliyobaki tuliitia katika kopo lenye kifuniko, juu ya kabati ambapo watoto hawafiki, maana kwa rangi na harufu inafanana na peremende. Niliandika kwa kalamu nene: SI YA KULA, SI YA KIDONDA. Asubuhi ya kurudi Beni, Koko alinisindikiza hadi kwa motari, akaniuliza kwa sauti ya chini imebaki mara ngapi.

Mara tisa, nikamwambia.

"Ya Jumapili, basi," akasema, akanipa kabichi mbili za kupeleka nyumbani.