Kupanda Mlima Pamoja na Mbwa

Msomaji, labda unataka kutembea milimani siku mbili tatu pamoja na mbwa wako. Kwanza fikiri mtapanda mlima gani.

Kilimanjaro hapana. Ni Hifadhi ya Taifa, na mbwa haruhusiwi humo. Mbwa huweza kuwaambukiza wanyama wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliua simba wapatao 1,000 huko Serengeti.

Basi nenda Usambara. Kutoka Lushoto kuna njia ya kwenda Irente, inayopita mashambani na vijijini. Huko Irente mlima unakatika ghafula. Ukitazama chini unaona Mazinde na nyika pana. Ni pazuri mno! Lakini shika kamba ya mbwa wako. Akimfukuza mjusi ukingoni, humpati tena.

Mwezi mmoja kabla ya safari, mpeleke kwa bwana mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Usimchanje leo mkaondoka kesho, maana chanjo haipati nguvu mara moja.

Mtakapotaka kulala, omba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kupiga hema. Mfunge mbwa mbali na mbuzi wa watu. Usiku ni baridi, hasa Juni na Julai, kwa hiyo mchukulie gunia la kulalia.

Je, akimwuma mtu? Osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 nzima. Kisha mpeleke mtu huyo hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.